Dawa Inapodhuru Kongosho

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini pamoja na vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo kwa kawaida huanza kazi vikishafika kwenye utumbo mdogo. Vikianza kazi vikiwa bado ndani ya tezi, huishambulia tezi yenyewe, nayo huvimba ghafla. Mgonjwa hupata maumivu makali ya tumbo la juu, mara nyingi yakipenya hadi mgongoni, huku akitapika.

Visababishi vikuu ni mawe ya mfuko wa nyongo na pombe. Dawa huchangia sehemu ndogo tu, na ndiyo maana husahaulika. Zinazofahamika zaidi ni valproeti ya kutibu kifafa, azathioprini ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na asparajinesi inayotumika kutibu saratani ya damu. Didanosini, dawa ya zamani ya kufubaza VVU, nayo ilijulikana kwa madhara haya.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mgonjwa wa kala-azar, ugonjwa unaosababishwa na vimelea, huchomwa sindano za stiboglukoneti na paromomisini kila siku kwa siku 17. Stiboglukoneti inaweza kuvimbisha kongosho, hivyo maumivu ya tumbo yakianza katikati ya matibabu yasichukuliwe kuwa jambo dogo.

Muda wa madhara kujitokeza hutofautiana. Azathioprini huyaleta zaidi katika wiki za mwanzo. Valproeti inaweza kuyaleta hata baada ya miaka ya matumizi.

Daktari huthibitisha ugonjwa kwa angalau mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina hiyo, kiwango cha vimeng'enya vya lipesi au amilesi katika damu kilichofikia mara 3 ya ukomo wa kawaida au zaidi, na picha ya kongosho lililovimba. Kabla ya kuilaumu dawa, huchunguza kwanza nyongo, pombe na mafuta ya damu.

Matibabu ni kusitisha dawa inayoshukiwa, kuongeza maji kwa dripu na kutuliza maumivu. Wengi hupona, ila wachache huzidiwa hadi figo au mapafu kushindwa kufanya kazi.

Mgonjwa asiache dawa kienyeji, kwani kukatisha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege za mfululizo. Awahi hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na dawa zake zote mkononi. Ikithibitika kuwa dawa fulani ndiyo chanzo, jina lake liandikwe kwenye kadi yake ya matibabu, asije akapewa tena.