Ardhi Yenye Sabato Yake

Anayetarajia kukuta sala kwenye sakafu ya sinagogi la kale la Rehov, katika bonde la Beit She'an, atakuta matikiti. Pamoja nayo umo ufuta, haradali, mchele, vitunguu saumu na tende. Mistari 29 ya maandishi, iliyopangwa kwa vijiwe vidogo karibu karne ya 6, inaeleza mazao gani yana mwiko mwaka wa saba na mwiko huo unaanzia na kuishia wapi: lango hili la mji hadi shamba jeupe, lango lile hadi pale. Muumini alikwenda kusali huku akikanyaga sheria za sokoni.

Mchanganyiko huo ndio moyo wa mafundisho ya Kiyahudi kuhusu utakatifu wa nchi ya mababu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inasema nchi ya Israeli ni takatifu kuliko nchi nyingine zote, kisha inatoa sababu. Mtu angedhani itataja makaburi ya mababu au nyayo za Ibrahimu. Haitaji. Inataja mganda wa shayiri, malimbuko na mikate miwili iliyopelekwa Hekaluni, vitu visivyoweza kutoka kwenye udongo wa nchi nyingine.

Kwa hiyo utakatifu huu ni deni kabla ya kuwa hatimiliki. Mambo ya Walawi sura ya 25 inaamuru shamba lipumzike kila mwaka wa saba, na kinachoota chenyewe kiliwe na mwenye shamba, mtumwa, mgeni na mnyama bila ubaguzi. Sura inayofuata inaonya kwamba wakazi wakiinyima nchi mapumziko hayo, watahamishwa, nayo itajilipia sabato zake ikiwa tupu. Nchi ndiyo mdai.

Mipaka nayo ina hesabu yake. Musa bin Maimun, aliyeandika Misri katika karne ya 12, alifundisha kwamba utakatifu ulioletwa na vita vya Yoshua ulikoma Wababeli walipoiteka nchi, lakini ule wa watu wa Ezra, waliorudi na kukaa tu bila kuteka, ulidumu. Walichokiacha waliorudi, kama Beit She'an, Rabi Yehuda HaNasi, mhariri wa Mishna, alikiondolea zaka na sheria za mwaka wa saba. Ndiyo maana wanakijiji wa Rehov walihitaji ramani chini ya miguu yao.

Waliokuwa mbali walibaki na shauku. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, inamsimulia Rabi Abba akibusu mawe ya mji wa Acre, mpakani mwa nchi hiyo. Hadi leo Wayahudi wengi wanaozikwa ng'ambo huwekewa jenezani udongo kidogo kutoka nchi ya Israeli.

Wakulima Wayahudi waliporudi kwa wingi, deni nalo liliamka. Mwaka wa saba wa 1888–89 ulivikuta vijiji vipya vikiwa hoi, na marabi kadhaa, akiwemo Yitzchak Elchanan Spektor wa Kovno, wakaruhusu mashamba yauzwe kwa muda kwa asiye Myahudi ili kazi iendelee. Baadhi ya marabi wa Jerusalem walikataa katakata. Mwaka wa saba wa 1909–10, Abraham Isaac Kook, rabi wa Jaffa, aliitetea njia hiyo, na ugomvi haujaisha. Ulizuka tena 2021–22. Katika nyumba zinazoshika sheria kwa ukali, jikoni huwekwa ndoo ya pili kila mwaka wa saba. Kipande cha tikiti la mwaka huo kilichobaki hakichanganywi na takataka: huachwa kando hadi kioze, na kikishakuwa si chakula tena, ndipo hutupwa.

Suala la nani atawale nchi hiyo, ambayo ni takatifu pia kwa Waislamu na Wakristo na ni makazi ya Wapalestina, liliwagawa marabi vikali zaidi. Baada ya vita vya 1967, Zvi Yehuda Kook, mwana wa yule wa Jaffa, alifundisha kuwa ni haramu kuachia hata kipande. Rabi Ovadia Yosef aliruhusu kuachia ardhi ikiwa kufanya hivyo kutaokoa maisha. Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa Wahasidi wa Satmar, aliona dola ya Israeli yenyewe ni uasi, kwa kuwa haikumsubiri Masihi.

Hoja ya kuokoa maisha ilikuwa imekwisha kufika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi huko Kishinev, Uingereza ilipendekeza wapewe uwanda wa Uasin Gishu, leo nchini Kenya. Kwenye mkutano wa Wazayuni mjini Basel, wajumbe 295 waliunga mkono kwamba watu wapelekwe kuuchunguza, wakiwemo marabi, kwa kuwa roho za watu zilikuwa hatarini. Mpango ulikataliwa 1905. Kwa sheria ya marabi, mkulima Myahudi wa Uasin Gishu angepanda mahindi mwaka wa saba kama alivyopanda wa sita. Udongo ule haukumdai kitu.