Vidonge vya Kisukari na Tiba ya Mionzi: Majaribio Yalionesha Nini?

Vidonge vya metformini si vigeni katika nyumba zetu. Wenye kisukari huvitumia kila siku, bei yake ni nafuu, na mara nyingi hubaki kabatini. Ndiyo maana habari kwamba vidonge hivyo huiongezea nguvu tiba ya mionzi dhidi ya saratani ya mapafu huaminiwa upesi, hasa na familia yenye mgonjwa anayejiandaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Habari hiyo haikuwa uzushi. Madaktari waliopitia majalada ya wagonjwa waliona mara kadhaa kwamba wenye kisukari waliotumia metformini walielekea kuishi muda mrefu zaidi baada ya tiba ya saratani. Maabara nazo zikatoa sababu. Mionzi huhitaji oksijeni ili iziharibu seli za saratani ipasavyo, na ndani ya uvimbe mna sehemu zenye upungufu wa oksijeni ambazo huistahimili. Metformini hupunguza matumizi ya oksijeni katika seli. Hivyo ilitarajiwa kwamba oksijeni itakayobaki ingeipa mionzi makali zaidi. Kwa panya, ilionekana kuwa hivyo.

Majalada, hata hivyo, yanaweza kupotosha. Huenda waliopewa metformini walikuwa na afya bora tangu mwanzo, kwani mwenye figo dhaifu haandikiwi dawa hiyo. Njia ya haki ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: wengine wapewe dawa, wengine wasipewe.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Marekani kwa wagonjwa 170, na Canada kwa wagonjwa 54. Wote walikuwa na saratani ya mapafu ya hatua ya tatu, hawakuwa na kisukari, na walitibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Nchini Marekani, baada ya mwaka mmoja, ugonjwa haukuwa umesonga mbele kwa takriban wagonjwa 60 katika kila 100 wasiotumia metformini, na 51 katika kila 100 walioitumia. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha madhara, ila faida haikuonekana. Ya Canada, nakiri, yalinishtua: waliokuwa hai baada ya mwaka ni 85 katika kila 100 bila metformini, na 47 tu kwa walioitumia, madhara makali nayo yalikuwa mengi zaidi. Jaribio hilo lilikuwa dogo na lilisimamishwa mapema kwa uchache wa wagonjwa waliojiunga, kwa hiyo takwimu zake zipokelewe kwa tahadhari. Hata hivyo, hakuna jaribio kati ya hayo mawili linalompa mtu ruhusa ya kumgawia mgonjwa wake vidonge vya jirani. Metformini huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha, na anayepigwa mionzi ya kifua tayari hula kwa shida.

Mwenye kisukari aliyeandikiwa metformini asiiache kwa kusoma makala haya. Majaribio hayo hayakumhusu. Anapopewa rufaa ya matibabu ya saratani, abebe vidonge vyote anavyotumia, pamoja na dawa za mitishamba, akamwoneshe daktari kabla ya siku ya kwanza ya mionzi.