Filamu Ndogo Ndiyo Iliyobakiza Chenji

Mwaka 1988 filamu iliyogharimu takriban dola 450,000 iliacha nyuma yake taasisi ya kulea watoto wa mitaani. Mwaka 2016 filamu iliyogharimu dola milioni 15 ilishindwa kurudisha hata gharama zake kwa tiketi. Zote mbili zinasimulia watoto wa mitaa ya kimaskini. Zote mbili ni kazi ya mtu mmoja: Mira Nair, Mhindi mwenye nyumba Kampala. Bajeti ya pili ni kubwa mara 33 kuliko ya kwanza, na bado ile ndogo ndiyo iliyokuwa na cha kugawa.

Nair alizaliwa India mwaka 1957, akasoma Harvard, akaanza na filamu za hali halisi. Salaam Bombay!, filamu ile ya 1988, aliiongoza na kuitayarisha mwenyewe, huku fedha akizichanga kipande kipande: shirika la filamu la serikali ya India, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza, na Wafaransa. Kabla ya kamera kuwashwa, watoto wapatao 130 wa mitaani waliingizwa kwenye warsha ya uigizaji. Waliochaguliwa ni 24. Kwa kila aliyepita, zaidi ya 4 walirudi barabarani.

Filamu ilishinda tuzo ya Caméra d'Or kule Cannes, ikateuliwa kuwania Oscar, na mapato yake duniani yanatajwa kuwa dola milioni 7.4. Gawanya kwa bajeti, unapata mara 16. Usishangilie bado. Fedha ya tiketi haiendi kwa mtayarishaji. Kwa kawaida jumba la sinema hubaki na karibu nusu. Msambazaji naye hukata kamisheni yake, hurudisha alichotumia kwenye nakala na matangazo, ndipo wawekezaji wanafikiwa. Mtayarishaji husimama mwisho wa foleni kama mpishi wa shughuli: wageni wakishakula wote ndipo anapofunua sufuria kuona kama kuna ukoko. Lakini filamu ikiingiza mara 16 ya gharama zake, hata baada ya mikono yote hiyo hukosi kitu sufuriani.

Kilichopatikana ndicho kilichoanzisha taasisi ile ya watoto wa mitaani, Salaam Baalak Trust, mwaka huohuo wa 1988, Mumbai na Delhi. Upande wa Delhi ulisimamiwa na mama yake Mira, Praveen Nair, na walianza na watoto wapatao 25 tu. Miaka mingi baadaye, vijana waliolelewa humo wamekuwa wakiwatembeza wageni katika vichochoro vya karibu na stesheni ya New Delhi, wakiwaonyesha walipokuwa wakilala. Mvulana aliyeigiza nafasi kuu kwenye filamu alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji mtoto, na ukubwani akawa dereva wa bajaji Bangalore. Mimi nayasoma hayo mawili kwa pamoja. Kumweka mtoto mbele ya kamera humpa msimu mmoja; kinachombeba baada ya hapo ni taasisi yenye bajeti ya kila mwezi.

Ubahili wa kutengeneza filamu kwa fedha kidogo haukuwa wa bahati. Filamu yake nyingine, Monsoon Wedding, iliyoshinda tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2001, ilirekodiwa kwa siku 30. Matukio ya kurekodiwa yalikuwa 148, wastani wa karibu 5 kwa siku. Samani na sari nyingine ziliazimwa kwa ndugu na jamaa. Gharama zilikuwa kati ya dola milioni 1.2 na 1.5, mapato yakapita milioni 30. Ni zaidi ya mara 20.

Mwaka 2004 akaanzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Jina ni letu, wala halihitaji tafsiri. Mafunzo ni bure kwa mshiriki, na neno "bure" ndilo la kulipigia hesabu. Tuseme, kwa makadirio yangu mwenyewe, kumlaza, kumlisha, kumsafirisha na kumpatia vifaa kijana mmoja kunakula dola 100 kwa siku. Warsha ya siku 15 ni dola 1,500. Asilimia 1 ya bajeti ya dola milioni 15 ni 150,000, yaani vijana 100. Kwa filamu kubwa hiyo ni kama pesa ya soda, mradi tu imetengwa kabla ya kamera kuanza kuzunguka. Ukiisubiri itoke kwenye faida, utasubiri sana.

Kwa nini? Tazama Queen of Katwe, filamu ile ya 2016, ya Disney, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyetamba kwenye sataranji. Tiketi ziliingiza kama dola milioni 10.4. Toa nusu ya majumba ya sinema, inabaki milioni 5.2 dhidi ya gharama ya milioni 15, na hapo matangazo hayajaguswa. Hakuna ukoko. Faida yake kwa vijana ilikuwa imeshalipwa mapema, kwa njia ya ujira wakati wa kurekodi Kampala, na kwa mtu kujifunza kazi kwa kuifanya. Si haba, ila kamera ikifungashwa, na mshahara umekwisha.

Watetezi wa malezi ya vipaji hupenda kumtaja mwigizaji Lupita Nyong'o, na ni kweli njia yake inapita kwenye kazi za Nair. Kwanza alikuwa msaidizi nyuma ya kamera kwenye filamu ya The Constant Gardener, iliyorekodiwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Akawa mwanagenzi kwenye The Namesake ya Nair, ya 2006. Mwaka 2014 akabeba Oscar, na miaka 2 baadaye akarudi kwa Nair, safari hii akiwa mama yake Phiona kwenye Queen of Katwe. Lakini huyo ni binti wa profesa, aliyepitia pia shule ya maigizo ya Yale. Kumfanya yeye kipimo cha warsha ni kuhesabu embe lililoiva na kusahau yaliyopukutika yakiwa machanga.

Hata hivyo miaka yake inafaa kupigiwa hesabu. Kutoka 2005 hadi 2014 ni miaka 9, karibu siku 3,285. Siku 15 za warsha tumeshaona zinavyolipiwa. Zile 3,270 zinazobaki, kijana wa Temeke au Kibera huzilipia kwa kurekodi harusi za Jumamosi, kwa kamera ya kuazima.