Haut-Lomami: Malemba-Nkulu, eneo linalosali sana na bado linatafuta amani

Malemba-Nkulu mgeni haulizwi kama anasali. Anaulizwa anasali wapi. Awe Mmethodisti, Mkatoliki au Mpentekoste, jibu huwa liko tayari.

Ndiyo sababu matukio ya mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 yaliwauma wengi. Baada ya kijana mmoja dereva wa pikipiki kuuawa, vijana wenye hasira waliwageukia wakaaji wenye asili ya Kasai. Watu kadhaa walipoteza maisha. Video ya mwanamke akidhalilishwa mbele ya watu ilizunguka nchi nzima, na familia za Kikasai zikakimbia. Wengi walijiuliza: maombi ya zaidi ya miaka mia moja yamefanya kazi gani hapa?

Jibu halipatikani kwenye mikutano mikubwa ya Kinshasa, ambako wakubwa wa nchi hukabidhi taifa mikononi mwa Mungu kisha wakarudi ofisini. Liko karibu zaidi, Mwanza, ndani ya eneo hili hili la Malemba-Nkulu.

Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza na kuanzisha misioni iliyokuja kujulikana kama Congo Evangelistic Mission. Wakati huo kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakirudi kutoka Angola, na hao ndio waliobadilisha mambo. Walikuwa Waluba na majirani zao waliouzwa utumwani na kupelekwa magharibi na wafanyabiashara wa Kiovimbundu. Kule Bié baadhi yao walikutana na misioni za Kiprotestanti, wakajifunza kusoma na kusali. Ureno ilipokuwa jamhuri mwaka 1910 na biashara ya watu ikazidi kubanwa, wengi walipata njia ya kurudi kwao.

Mwanzoni mwa mwaka 1920 watumwa hao wa zamani walikusanyika Mwanza kwa maombi. Historia ya Wapentekoste inaukumbuka mkutano ule kama Pentekoste ya Waluba: watu walilia, waliungama, walinena kwa lugha. Kilichofuata ndicho chenye uzito zaidi. Walitawanyika vijijini wakihubiri, na kanisa likaenea kwa miguu yao kuliko kwa miguu ya wazungu, ingawa vitabu vingi vinaanza na majina ya wazungu. Kati yao alikuwemo Shalumbo, mtu aliyewahi kushiriki kukamata watumwa. Yeye alipeleka Injili kwa Wasongye, watu wa kwao.

Maombi hayo hayakuzuia damu. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1960, wakati Katanga imejitenga na vijana wa Balubakat wanapigana na utawala wa Moïse Tshombe, wamisionari Teddy Hodgson na Elton Knauf waliuawa Lulungu. Wenzao waliondoka, lakini kanisa halikufa. Mchungaji Jonathan Ilunga alishika uongozi, na kanisa hilo leo ni Communauté Pentecôtiste au Congo.

Kisha ikaja vita iliyoanza mwaka 1998. Mai-Mai walishika silaha kwanza dhidi ya waasi wa RCD na wanajeshi wa Rwanda, baadaye wakawageukia raia. Mmoja wa wakubwa wao aliitwa Chinja-Chinja, jina ambalo kwa Kiswahili halihitaji maelezo. Vijiji viliachwa vitupu na wakimbizi wakajaa Kamina.

Mwaka 2004 Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodisti la Katanga Kaskazini, pamoja na wachungaji wake, alisaidia kuwakutanisha Kamina watu ambao hawakuwahi kukaa pamoja: wakubwa wa serikali, jeshi, machifu na Mai-Mai, Chinja-Chinja akiwemo. Ikumbukwe kwamba Mai-Mai nao walikuwa na ibada yao, maji na dawa za kuzuia risasi. Katika mkutano ule sala haikusimama mahali pa mazungumzo. Iliwapa watu moyo wa kumwita mezani mtu waliyemwogopa kuliko wote, na kumsikiliza.

Amani hiyo ilikuwa na mipaka. Upande wa Mitwaba, Gédéon Kyungu Mutanga aliendelea kupigana hadi alipojisalimisha mwezi wa tano mwaka 2006. Askofu Ntambo mwenyewe aliingia Seneti mwaka 2007. Wapo wanaoona mchungaji hafai kuingia siasa, lakini kwa Kamina siasa ilikuwa imeshaingia nyumbani kwake muda mrefu.

Ugomvi wa mwaka 2023 ni wa aina nyingine. Hauna jenerali wa kumwita mezani, na waumini wa makanisa yale yale wako pande zote mbili. Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1992 na 1993, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, maelfu ya Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko. Walilala vituoni wakingojea treni, wengine wakafa njiani. Reli iliyowarudisha Kasai inapita Kamina.