Ukuta wa Aswan: Mawe Yalipimwa, Watu Je?

Sisi wa visiwani hatukujaaliwa mto mkubwa. Maji yetu ni ya mvua, visima na chemchemi, na mabonde yetu ya mpunga yangali yanahitaji mabwawa ya kumwagilia. Kwa hiyo yafaa tuutazame ukuta mkongwe uliouzuia Mto Nili huko Aswan, kusini mwa Misri, kwani una mafunzo mawili: moja la kuigwa, na jingine la kuepukwa.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1898, Misri ikiwa chini ya Waingereza, ukafunguliwa Desemba 1902. Mhandisi William Willcocks ndiye aliyeubuni. Urefu wake ni kiasi cha mita 1,950, na mawe yake ni matale yaliyochongwa papo hapo Aswan na kuungwa kwa saruji. Ukuta wa namna hii husimama kwa uzito wake wenyewe. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyonenepa, kwa kuwa msukumo wa maji huzidi kwa kina.

Lakini busara ya mafundi wale haikuwa katika mawe, bali katika matundu. Waliacha milango 180, na 140 kati yake ilikuwa na kimo cha mita 7 na upana wa mita 2. Kila mwaka gharika ilipokuja, nyekundu kwa tope la milima ya Uhabeshi, milango ilifunguliwa, tope likapita kwenda kurutubisha mashamba. Maji yalipoanza kutakata ndipo milango ilipofungwa na akiba ikawekwa kwa ajili ya miezi ya ukame. Hivyo bwawa halikujaa udongo. Maji hufuata mkondo, na fundi aliyelijua hilo hakushindana na mto.

Ukuta uliongezwa kimo mara mbili, kati ya 1907 na 1912, na tena kati ya 1929 na 1933. Katika nyongeza ya kwanza mafundi walitambua kwamba uashi mpya ukigandamana na wa zamani kabla ya joto lao kulingana, nyufa zitatokea. Wakaacha mwanya mwembamba kati ya kuta mbili, wakasubiri, kisha wakaujaza saruji. Hiyo ndiyo subira ya kazi.

Sasa tutazame upande wa pili. Ramani ya kwanza ilitaka ukuta mrefu zaidi. Wasomi wa Ulaya wakapiga kelele kwamba hekalu la kale la Philae litazama, na kimo kikapunguzwa. Vijiji vya Wanubi havikupata watetezi kama hao. Mwaka 1902, 1912 na 1933 maji yalipanda, yakameza mashamba na mitende yao, nao wakajenga upya juu zaidi kwenye kingo. Na Bwawa Kuu lilipojengwa kusini ya hapo kati ya 1960 na 1970, Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa kabisa. Hekalu nalo lilihamishwa jiwe kwa jiwe, likasimamishwa upya katika kisiwa jirani.

Hatusemi mabwawa yasijengwe. Taifa lisiloweka akiba ya maji hujikabidhi kwa mawingu. Tunachosema ni kwamba mhandisi aliyejua kupisha tope na kusubiri mawe yapoe, alishindwa kumsikiliza mwenye mtende.

Chuoni tulifundishwa kwamba hata anayetawadha kando ya mto asifanye israfu. Basi israfu kubwa kuliko ya maji ni ile ya haki za watu. Viongozi wetu wanapokwenda bondeni na ramani zao, wakae kwanza na wakulima: wajue gharika hufika wapi, kaburi la nani liko wapi, na shamba la nani litazama. Fidia ilipwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na fungu la matengenezo litengwe kabla ya sherehe ya ufunguzi. Ukuta unaojengwa hivyo utasimama imara, na walio chini yake hawatakuwa na kinyongo.