Mbele, Nyuma, Juu na Chini: Namna ya Kutaja Pande za Mwili kwa Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wataalamu wa anatomia wanavyozitaja pande za mwili wa binadamu, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuifanya kazi hiyo bila kukwama. Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili.

Kwanza, miongoni mwa wanafunzi wanaosoma Kiswahili cha mawasiliano hapa Uganda wamo wauguzi, wakunga na madaktari wa kesho. Wengi wao watafanya kazi magharibi mwa nchi, ambako hufika wagonjwa kutoka Kongo wasiojua Kiingereza wala Kiganda, lakini wanaojua Kiswahili. Pili, tangu katiba yetu ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha ikiwa rasmi kwenye karatasi, lakini haiwezi kumwambia muuguzi ni goti lipi linalouma na ni upande gani wa goti hilo, urasmi wake bado una kasoro.

Maneno ya kawaida na mitego yake

Mtu anaweza kuuliza: kuna ugumu gani hapa? Je, kila anayejua Kiswahili hajui mbele na nyuma, juu na chini? Tuchukue sentensi moja: "Jeraha liko juu ya kitovu." Sentensi hii ina maana mbili. Inaweza kumaanisha kwamba jeraha limekaa papo hapo kwenye kitovu, kama kitabu kilivyo juu ya meza. Inaweza pia kumaanisha kwamba jeraha liko mahali fulani kati ya kitovu na kifua. Tena, mgonjwa akiwa amelala chali, "juu" kwa msikilizaji mwingine ni upande wa dari. Neno ni moja, na wasomaji watatu wa faili moja wanaweza kutazama mahali patatu tofauti.

Wanaanatomia waliona tatizo hili katika lugha zao pia. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, vitabu vya Ulaya vilikuwa na majina yapatayo 50,000 ya sehemu za mwili, maana sehemu moja iliitwa hivi Ujerumani na vile Ufaransa. Mwaka 1895 wataalamu walikutana Basel, Uswisi, wakakubaliana juu ya orodha moja ya Kilatini yenye majina 5,000 na ushee. Orodha hiyo ilirekebishwa mara kadhaa, na mwaka 1998 likatolewa toleo jipya la kimataifa. Tunalotaka msomaji aling'amue ni kwamba istilahi haizaliwi ikiwa safi. Husafishwa na watu wanaokaa pamoja na kukubaliana.

Mkao wa msingi

Msingi wa istilahi zote za pande ni mkao mmoja. Mtu amesimama wima, uso na macho vimeelekea mbele, miguu imekaribiana na vidole vyake vinatazama mbele, mikono imening'inia ubavuni, na viganja vimefunguliwa kuelekea mbele. Hata kama mgonjwa amelala kifudifudi, ameinama au amening'inizwa mguu kwa bandeji, pande zake hutajwa kana kwamba amesimama katika mkao huo.

Kwa nini viganja vielekee mbele? Katika sehemu ya mkono iliyo baina ya kisugudi na kiganja mna mifupa miwili. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo hulala sambamba. Kiganja kikigeuzwa nyuma, mfupa wa upande wa kidole gumba huvuka juu ya mwenzake, na pande za mkono huchanganyika. Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili sasa hivi kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni ya pili ni ya kulia na kushoto. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, si kwa anayemtazama. Daktari akikabiliana na mgonjwa, mkono wa kulia wa mgonjwa uko upande wa kushoto wa daktari. Picha za eksirei nazo huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yetu, kwa hiyo kushoto kwake huwa kulia kwetu. Kosa hapa si la mtihani tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuhakikisha usalama wa upasuaji, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kumthibitisha mgonjwa, kuthibitisha mahali pa kupasuliwa, na kupatia alama mahali hapo kabla ya kisu kushikwa.

Neno "kulia" lenyewe si geni kwa wanafunzi wetu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Kiganda husema "ddyo", Kinyankole "buryo", na Kinyarwanda "iburyo", na yote yametokana na mzizi uleule wa kula. Pia Kiswahili kina "mkono wa kuume" na "mkono wa kike" kwa maana ya kulia na kushoto. Maneno haya ni mazuri katika fasihi, ila hospitalini tunashauri yaachwe, kwani si kila mgonjwa atayaelewa.

Jozi za pande

Baada ya kuuelewa mkao wa msingi, jozi zifuatazo zinatosha kwa kazi nyingi:

1. Mbele na nyuma. Mbele ni upande wa uso, kifua na tumbo. Nyuma ni upande wa kisogo, mgongo na makalio. Mfupa wa kidari uko mbele ya moyo; uti wa mgongo uko nyuma yake.

2. Upande wa kichwa na upande wa nyayo. Hivi ndivyo tunavyopendekeza kusema pale ambapo "juu" na "chini" vinaweza kutatiza. "Jeraha liko vidole viwili kutoka kitovuni, kuelekea kichwani" haina utata, mgonjwa awe amesimama au amelala.

3. Kuelekea katikati na kuelekea ubavuni. Tuchore kwa fikra mstari unaoshuka kutoka kwenye paji la uso, ukapita puani na kitovuni, na kuugawa mwili nusu mbili. Kilicho karibu na mstari huo ni cha katikati. Kilicho mbali nao ni cha pembeni. Pua ni ya katikati, jicho ni la pembeni kuliko pua, na sikio ni la pembeni kuliko jicho.

4. Karibu na shina na mbali na shina. Jozi hii hutumika kwa mikono na miguu. Shina ni pale kiungo kinapoungana na kiwiliwili, yaani begani au nyongani, mithili ya tawi na mti wake. Goti liko karibu na shina kuliko kisigino.

5. Juujuu na kina. Ngozi iko juujuu kuliko msuli, na msuli uko juujuu kuliko mfupa. Hapa Kiswahili kina bahati, kwani "jeraha la juujuu" na "jeraha lenye kina" ni semi ambazo watu wanazo tayari.

Kwa upande wa kulala, lugha yetu ina maneno makamilifu: kulala chali, kulala kifudifudi, na kulala ubavu. Muuguzi anayeyajua hana haja ya kueleza kwa sentensi ndefu.

Tahadhari moja inawahusu wanafunzi wa tiba ya mifugo. Mbele ya binadamu ni upande wa tumbo, lakini mbele ya ng'ombe ni upande wa kichwa. Kwa hiyo panapozungumzwa binadamu na wanyama kwa pamoja, ni salama kusema upande wa tumbo, upande wa mgongo, upande wa kichwa na upande wa mkia.

Hazina iliyomo katika sarufi

Walimu wa Kiswahili tunayo zawadi ambayo wataalamu wa anatomia hawakuiomba. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- kwa mahali maalumu panapojulikana, ku- kwa mahali pasipo na mipaka dhahiri, na m- au mu- kwa ndani. Tazama mifano hii:

Hapa mgongoni panauma. (Mahali ni pamoja, panaweza kuguswa kwa kidole.)
Huku mgongoni kunauma. (Maumivu yameenea, mgonjwa hupitisha kiganja chote.)
Humu kifuani mnauma. (Maumivu yamo ndani.)

Haya ni maswali matatu ambayo kila mwanafunzi wa tiba hufundishwa kumuuliza mgonjwa: Je, maumivu yako mahali pamoja? Yameenea? Yako juujuu au ndani? Kiswahili huyabeba katika herufi moja au mbili.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa nje ya pwani, hawazitofautishi ngeli hizi katika mazungumzo. Mgonjwa kutoka Kongo aghalabu atasema "ku mgongo" au "mu tumbo", na msemaji wa Kiganda ataielewa mara moja kwa sababu lugha yake inasema "ku mugongo" na "mu lubuto". Asicheke wala asimsahihishe. Kazi yake ni kuelewa, kisha kuthibitisha: "Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Sarufi hutoa fununu, lakini kidole cha mgonjwa ndicho ushahidi.

Majina ya viungo yanayohitaji uangalifu

Hata tukizijua pande zote, hatutafika mbali ikiwa jina la kiungo chenyewe lina utata. Tumeona manne yanayowasumbua wanafunzi wetu zaidi.

Mguu ni kuanzia nyongani hadi vidoleni. Kiganda hutenganisha "okugulu" na "ekigere", lakini Kiswahili huviita vyote mguu. Mgonjwa akisema mguu unauma, aulizwe: pajani, gotini, kwenye muundi, kwenye kifundo, au kwenye unyayo? Mkono nao ni vivyo hivyo, kuanzia begani hadi ncha za vidole.

Kiwiko ni neno la hatari zaidi. Kamusi za zamani hulieleza kama pale mkono unapokutana na kiganja, lakini wazungumzaji wengi wa leo hulitumia kwa pale mkono unapokunjwa katikati, ambapo wengine hupaita kisugudi. Mfupa uliovunjika "kiwikoni" ni mfupa upi? Katika faili ya mgonjwa tunashauri liandikwe pamoja na maelezo.

Tumbo ni nje na ndani. Ni sehemu yote iliyo chini ya kifua, na pia ni kile kifuko kinachopokea chakula.

Moyo haumaanishi moyo kila wakati. Anayesema "moyo unanichafuka" anasikia kichefuchefu. Chembe cha moyo ni kile kibonde kilicho chini ya mfupa wa kidari, ambapo kidonda cha tumbo kinaweza kuuma. Lakini tuwe waangalifu: maumivu ya moyo wenyewe wakati mwingine husikika mahali hapo hapo. Kwa hiyo mfasiri asimwamulie daktari. Afasiri maneno, aonyeshe mahali, na kumwachia daktari uchunguzi.

Zoezi kwa wasomaji

Jaribu maswali haya bila kuangalia majibu.

1. Katika mkao wa msingi, kidole gumba cha mkono kiko upande wa katikati au wa ubavuni?
2. Na kidole gumba cha mguu?
3. Ini liko zaidi upande gani wa mwili, na kwenye picha ya eksirei utaliona upande gani wako?
4. Mgonjwa amelala kifudifudi. Makalio yake yako upande gani?
5. Sahihisha ili kuondoa utata: "Uvimbe uko juu ya goti."

Majibu: (1) Ubavuni. (2) Katikati. (3) Kulia kwa mgonjwa. Kwenye picha, kushoto kwako. (4) Nyuma, ingawa yanatazama dari. (5) Ikiwa uvimbe uko pajani: "Uvimbe uko pajani, karibu na goti." Ikiwa uko kwenye goti lenyewe: "Uvimbe uko kwenye goti, upande wa mbele."

Tukihitimisha, tungependa kuwakumbusha walimu wenzetu kwamba somo la viungo vya mwili, ambalo mara nyingi tunalifundisha juma la tatu kwa kuimba kichwa, mabega, magoti na vidole, linaweza kupanuliwa kwa wanafunzi wa afya bila gharama yoyote. Kinachohitajika ni mwanafunzi mmoja asimame mbele ya darasa na kufungua viganja vyake. Wenzake wazitaje pande zake, kisha alale chali, alale kifudifudi, na wazitaje tena. Wakizitaja kwa namna ileile mara zote tatu, watakuwa wameelewa, na mgonjwa atakayewafikia kesho atakuwa salama zaidi mikononi mwao.