Nyufa Zinazorudi Baada ya Plasta: Ukuta Uchunguzwe Kabla ya Kununua Saruji

Mmiliki wa nyumba ya zamani katika Kata ya Buswelu huifahamu vema kazi hii. Mvua zikikatika mwishoni mwa Mei, fundi huitwa, ufa huzibwa kwa saruji, rangi hupakwa na sebule hupendeza. Kabla mwaka haujaisha, mstari uleule huwa umejitokeza mahali palepale. Safari inayofuata huitwa fundi mwingine, kwa kuwa wa kwanza ameonekana hajui kazi. Mara nyingi fundi huyo huwa ameonewa. Plasta ina unene wa sentimita moja na nusu hivi, nayo haina uwezo wa kuushikilia ukuta unaosogea.

Jambo la kwanza, basi, ni kutambua kama kilichopasuka ni plasta peke yake au ni ukuta. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama wavu, kwa kawaida ni za plasta. Chanzo chake huwa ni mchanga wenye vumbi jingi, saruji iliyozidi, au plasta iliyokaushwa na jua bila kumwagiliwa maji. Ukuta ukigongwa kwa kidole na kutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, plasta imeachana na tofali na haina budi kubanduliwa. Hali hiyo huonekana zaidi katika nyumba zilizojengwa kwa tofali mbichi au kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Watu wengi huamini kwamba saruji ikiongezwa, plasta huwa imara zaidi. Juu ya ukuta laini hutokea kinyume chake: plasta ngumu husinyaa inapokauka, ukuta haiufuati, na hatimaye huachana.

Ufa wa ukuta una sura nyingine. Huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, au hufuata maungio ya tofali kama ngazi, na mara nyingi huonekana ndani na nje ya ukuta uleule. Kwa nyumba za Buswelu, jibu la ufa wa namna hii hutafutwa kwanza ardhini.

Ardhi ya Ilemela si moja. Juu, karibu na majabali, kuna kichanga kilichotokana na mawe ya matale. Bondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Wasukuma wana majina ya tabaka hizo: luseni kwa kichanga cha juu, itogolo kwa ardhi ngumu iliyo chini yake, na mbuga kwa udongo mweusi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliueleza kisayansi mpangilio huo unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni katika Afrika Mashariki. Wakulima wa hapa walikuwa wakiufahamu kabla yake.

Kwa mwenye nyumba, tofauti hiyo ina maana kubwa. Nyumba nyingi za mteremkoni zina kona moja iliyokaa juu ya jabali na nyingine juu ya kifusi kilichojazwa ili kusawazisha kiwanja. Jabali halisogei. Kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri huzama kinapolowa, na ukuta hupasuka kati ya pande hizo mbili. Udongo wa mbuga nao huvimba unaponyeshewa na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukiinyanyua na kuishusha nyumba nzima. Majira ndiyo yanayosaidia kutofautisha. Ufa unaopanuka kati ya Julai na Septemba na kujibana mvua zinapokolea huashiria udongo wa mbuga. Ufa unaopanuka wakati wa mvua na kubaki hivyohivyo huashiria msingi unaozama. Huu wa pili ndio wa kuhofiwa zaidi.

Wapo wanaolitaja tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo mtikisiko wake ulifika hadi Mwanza. Inawezekana liliacha ufa katika nyumba fulani. Hata hivyo, ufa wa tetemeko haufunguki upya kila mwaka. Ukirudi baada ya kuzibwa vizuri, kuna chanzo kingine kinachoendelea.

Kupima hakuhitaji gharama. Pande zote mbili za ufa huwekwa alama ya penseli, umbali kati yake hupimwa kwa rula, na tarehe huandikwa ukutani hapohapo. Kipimo hurudiwa kila mwezi, angalau kwa kiangazi kimoja na msimu mmoja wa mvua. Wahandisi wengi hutumia mwongozo wa taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, ambao huuhesabu ufa usiozidi milimita 5 kuwa mdogo, na unaofikia kati ya milimita 15 na 25 kuwa mkubwa.

Wakati vipimo vikiendelea, maji yashughulikiwe. Paa lisilo na mfereji humwaga maji yote kwenye mguu wa ukuta. Mfereji wa bati na mtaro unaoyapeleka maji mbali na msingi, bila kuyaelekeza kwa jirani wa chini, huweza kutuliza ufa ambao viraka vya miaka mingi havikuutuliza.

Ufa ukishatulia ndipo fundi aitwe. Plasta iliyolegea hubanduliwa, ufa hupanuliwa kwa tindo hadi kwenye tofali, vumbi hufagiliwa na ukuta hulowanishwa. Wavu wa waya hupigiliwa ukavuka ufa kwa sentimita 15 kila upande. Kwa ukuta laini wa zamani, ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga safi hutoa plasta inayoendana nao. Plasta imwagiliwe maji kwa siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fundi ameshalipwa na kuondoka.

Ufa unaoendelea kupanuka, ufa uliozidi milimita 5, mlango ulioanza kukwama au ukuta ulioinama kwa kipimo cha timazi si mambo ya plasta. Ukuta ulioinama usilaliwe karibu yake, hasa katika msimu wa mvua. Mmiliki afike kwa mhandisi wa Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, makao makuu Buswelu, akiwa na vipimo vyake na tarehe zake, na aulize kuhusu kibali kabla ya kuchimbua msingi au kubomoa ukuta unaobeba paa.